Krusa au Pikipiki ya Spoti kwa Safari za Morogoro?

SWALI: Mhariri, salamu. Nimeendesha Boxer ya sisi (cc) 150 kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na sasa nimejipanga kununua pikipiki kubwa. Nimeoneshwa mbili zilizotumika ambazo bei zake zinakaribiana: Honda Shadow 750, ambayo ni krusa, yaani pikipiki nzito ya kukaa chini na kutembea kwa utulivu, na Yamaha R6, ambayo ni ya spoti. Nitaitumia zaidi mwisho wa wiki kwenda Morogoro na kurudi, mara nyingine nikiwa na mke wangu. Wenzangu wa krusa wanasema spoti ni ya vijana; wa spoti wanasema krusa ni uzito mtupu. Naomba mwongozo. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na injini, kwa kuwa ndiyo iliyowagawa wenzako hata kama hawakuitaja. R6 ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, zenye ujazo wa sisi 599, na nguvu zake kamili hupatikana inapokaribia mizunguko 14,000 kwa dakika. Gia ya kwanza peke yake huifikisha zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Katika barabara ya Morogoro, yenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa na trafiki wenye tochi, sehemu tamu ya injini hiyo hutaionja isipokuwa kwa kuvunja sheria. Shadow ina silinda mbili kubwa zilizokaa kwa umbo la V, na mvuto wake huanza mapema, chini ya mizunguko 4,000, kiasi kwamba ukishavuka tuta unakoleza mafuta tu nayo inaondoka bila kudai gia nyingine.

Mkao nao una sababu zake. Kiti cha R6 kiko milimita 850 kutoka ardhini, usukani uko chini, vikanyagio vimerudishwa nyuma, na kifua kinalalia tangi. Haya yametoka kwenye mashindano: mwili hukwepa upepo, uzito huenda gurudumu la mbele, na pikipiki huweza kulala sana kwenye kona kabla kikanyagio hakijagusa lami. Anayependa kona hatapata raha hiyo kwenye krusa, na hapo wenzako wa spoti wana haki kabisa. Lakini ni upepo wa mwendo mkali unaoinua kifua na kuipunguzia mikono mzigo. Kwenye foleni upepo huo haupo, na viganja ndivyo vinavyobeba. Kiti cha abiria, kwa kweli, ni kipande cha sponji kilichowekwa kwa heshima tu.

Kwenye krusa unakaa chini, nyayo zote mbili zikigusa ardhi unaposimama, na miguu iko mbele. Wengi huipendea hilo, pamoja na mngurumo wake na kromu inayong'aa. Kasoro yake ni kwamba springi za nyuma ni fupi, na kwa kuwa miguu iko mbele huwezi kujiinua kidogo unapopita shimo, hivyo kishindo chote hupokelewa na kiuno. Tumbo lake pia liko chini, na matuta yetu hayana huruma.

Lipo pia suala la usalama. Boxer yako ina nguvu za farasi takriban 12. R6 ina zaidi ya 100. Taasisi ya Marekani iitwayo Insurance Institute for Highway Safety ilieleza mwaka 2007 kwamba vifo vya waendeshaji wa spoti za daraja hili, kwa idadi ya pikipiki zilizosajiliwa, vilikuwa karibu mara nne ya vile vya aina nyingine.

Kwa safari ulizozitaja, na kwa ajili ya shemeji yetu, ningechukua Shadow. Kabla ya kulipa, piga magoti uangalie chini ya fremu na mabomba ya moshi: mikwaruzo midogo ni ya kawaida, lakini ukikuta bomba limebonyea au fremu imepinda, iache hata kama muuzaji atapunguza bei.