Lei Yue Mun bila kupigwa bei

Ndugu, umeuliza kama Lei Yue Mun, kijiji cha migahawa ya samaki huko Hong Kong, unakaa tu na kuagiza. Hapana: unachagua samaki akiwa hai kwenye tangi la muuzaji, halafu mgahawa unakupikia kwa malipo yake. Bei zote mbili uliza mapema. Watu hulizwa kwenye mizani: gan moja, kipimo cha uzito cha huko, ni kama gramu 605, leung ni sehemu yake ya 16, na kibao kikitaja bei ya leung, kamba kochi huonekana rahisi mno. Maji ya mfuko wa samaki yamwagwe kabla ya kupima. Samaki mzima agiza wa mvuke, tangawizi na majani ya kitunguu; wa gramu 600 dakika 8 hivi, nyama ya mfupani ibaki imeshikilia kidogo. Shukia stesheni ya Yau Tong.