Shilingi kuitwa «bob»: huyo Robert ni nani?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Konda wa matatu akitaka nauli anasema «fifty bob». Baba anashikilia kwamba Bob ni Robert, Mwingereza aliyeanzisha polisi. Ni kweli? Na mbona msusi wangu naye ana mtindo wa bob?
Msomaji, Thika

JIBU: Sijambo, mwanangu. Msalimie baba, kisha umwambie kwa adabu kwamba Robert wake ni wa polisi tu. Robert Peel aliunda polisi wa London mwaka 1829, nao wakaitwa «bobby». Bob ya shilingi imo katika maandishi ya mwaka 1789, Peel akiwa bado ananyonya. Wako wanaomtaja Robert Walpole, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, lakini huyo alifariki mwaka 1745 na hakuna andiko la enzi zake linalomhusisha na neno hili. Wengine huelekeza kidole Uskoti, kwenye sarafu iitwayo «bawbee». Hiyo nayo ilikuwa nusu peni, na shilingi ya Mwingereza ilikuwa na peni 12. Siwezi kuikubali.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi neno lilivyohamia kwetu. Hapa tulitumia rupia, ikaja florini iliyodumu kwa muda mfupi sana, halafu mwaka 1921 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki: simba amesimama, milima nyuma yake. Ilikuwa na senti 100, si peni 12, lakini walowezi waliiita bob vilevile, na sisi tukalichukua. Ndugu zetu wa Tanzania walishika sarafu hiyohiyo, ila bob haikuwakaa mdomoni. Wao wana jero na buku. Mwaka 1966 Kenya ilitoa shilingi yake yenyewe na neno halikutikisika. Hata Sheng, pamoja na mbao, finje na soo zake, haijaling'oa.

Kule Uingereza hesabu za fedha zilibadilishwa tarehe 15 Februari 1971, bob ikawa peni 5 mpya. Siku hizi wanalo zaidi katika misemo: mtu mlaghai humfananisha na noti ya bob tisa, kwa kuwa ya bob kumi ilikuwepo lakini ya tisa haikuwahi kuchapwa. Neno lao sasa linanunua nyanya Gikomba, na mimi nalihesabu kuwa letu. Jambo moja nawasisitizia wanafunzi wangu: ni «ten bob», kamwe si «ten bobs».

Ya msusi ni bob nyingine. Hiyo ilikuwa mkia wa farasi uliokatwa mfupi, ikapewa nywele bandia fupi za wanaume, na miaka ya 1920 wasichana wa Ulaya na Marekani wakakata nywele zao hivyo. Na ile pande la chuma linaloning'inia kwenye timazi ya fundi mwashi, Waingereza nalo huliita bob.