Maswali ya Wasomaji: Mguu Unaoukimbia Mwiba Kabla Maumivu Hayajasikika

Swali. Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Chamwino. Wakati wa likizo nilikuwa nachunga mbuzi wa babu, nikakanyaga mwiba wa mgunga ukapenya kandambili hadi kwenye unyayo. Kilichonishangaza ni kwamba mguu ulikuwa umekwishainuka ndipo nikasikia maumivu. Kaka yangu anasema ubongo una kasi ya ajabu. Rafiki yangu anadai ubongo haukuhusika kabisa. Nani yuko sahihi?

Jibu. Marahaba. Rafiki yako ameukaribia ukweli zaidi, ingawa neno lake "kabisa" limezidi kidogo.

Ncha ya mwiba ilipochoma ngozi, iliamsha miisho ya mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kupokea dalili za madhara. Taarifa ikapanda mguuni kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde mpaka kwenye ugwe mgongo, yaani ule mkusanyiko wa neva uliopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Hapo haikungoja ruhusa ya kichwani. Ilipokewa na seli fupi za neva zinazounganisha njia ya kuingia na njia ya kutoka, na papo hapo amri ikateremka kwenye misuli inayokunja goti na nyonga. Tawi jingine la taarifa hiyo hiyo liliendelea kupanda kuelekea ubongoni, lakini safari yake ni ndefu na vituo vyake ni vingi, ndiyo maana ulitambua maumivu wakati mguu umekwisha kuwa hewani. Bila shaka ulisikia maumivu ya aina mbili: kwanza mchomo mkali, kisha, baada ya kitambo kidogo, uchungu mzito wa kufukuta. Huo wa pili husafirishwa na nyuzi nyembamba zisizo na ala ya mafuta, ambazo kasi yake ni kama mita 1 tu kwa sekunde.

Jambo ambalo watu wengi hawalioni ni kwamba mguu wa pili nao ulifanya kazi. Kama mguu mmoja ungeinuka na mwingine ukabaki umelegea, ungeanguka juu ya miba mingine. Kwa hiyo ugwe mgongo, sambamba na kuukunja mguu uliochomwa, huvuka upande wa pili na kuikaza misuli inayonyoosha mguu uliobaki chini ili ubebe uzito wote. Vilevile, katika mguu uliochomwa, misuli ya kunyoosha hunyamazishwa isije ikashindana na ile inayokunja. Mwingereza Charles Sherrington, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alitumia miaka mingi kuchunguza mpangilio huu wa msuli mmoja kukaza huku mpinzani wake akilegezwa. Kuku aliyekatwa kichwa na bado akapiga mbawa uani anathibitisha kwamba ugwe mgongo una mambo yake unayoyaweza peke yake.

Hata hivyo, ubongo unayo mamlaka ya kuuzuia mwitikio huu. Mama anayeepua sufuria ya uji wa uwele, akahisi mpini umeshika moto huku mtoto anatambaa miguuni pake, haiachii: huvumilia hatua mbili tatu mpaka aitue mahali salama. Hapo amri ya kichwani imeishinda amri ya mgongoni.

Kwa kuwa umetaja mwiba, nakushauri umwambie mzazi wako akupeleke zahanati waangalie kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa katika udongo na samadi, na sumu yake huziba zile zile seli zinazoinyamazisha misuli pinzani. Matokeo yake, misuli yote hukaza kwa pamoja, na hata kelele ndogo au mguso mwepesi humtia mgonjwa mkazo wa mwili mzima.

Swali. Baba yangu ana kisukari kwa miaka mingi. Tulipompeleka hospitali, daktari alimgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu ukaruka. Alipomgonga nyuma ya kifundo cha mguu, juu kidogo ya kisigino, hakuna kilichotokea. Akamwambia afungamanishe vidole vya mikono miwili na kuvuta, akarudia, bado kimya. Aliandika kwenye faili bila kutueleza. Je, ilikuwa na maana gani? (Msomaji, Kondoa)

Jibu. Ilifaa mwelezwe, na mna haki ya kuuliza mtakaporudi. Nyundo inapogonga kano iliyo chini ya kilegesambwa, msuli wa mbele wa paja huvutika ghafla. Vipokezi vilivyomo ndani ya msuli huo hupeleka taarifa kwenye ugwe mgongo, na neva inayoileta huungana moja kwa moja na neva inayorudi msulini, bila seli ya kati. Ndiyo maana mwitikio huu ni mwepesi kuliko ule wa mwiba. Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliuandika kila mmoja kivyake mwaka 1875, na hadi leo ni kipimo rahisi kinachompa daktari habari nyingi.

Kuvuta vidole si mzaha. Humwondolea mgonjwa mawazo kwenye mguu na kuziweka neva katika utayari zaidi, hivyo mwitikio dhaifu hujitokeza. Ukikosekana hata hapo, daktari huuhesabu kuwa haupo. Kisukari cha muda mrefu huharibu kwanza neva ndefu zaidi, yaani zile zinazofika miguuni, kwa hiyo kisigino hunyamaza kabla ya goti. Lakini wazee wengi wasio na kisukari nao huupoteza mwitikio huo, hivyo daktari hupima pia kama mgonjwa anahisi mguso na mtetemo.

Mwitikio uliozidi nao ni dalili. Nyuzi zitokazo ubongoni zikiumia, kama katika kiharusi, kizuizi huondoka na goti huruka kupita kiasi. Ndivyo ilivyo pia kwa wagonjwa wa konzo, kupooza kunakoletwa na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, kama ilivyotokea Tarime mwaka 1985.

Kwa baba, jambo la kufanya ni kukagua nyayo zake kila jioni na kutomwacha atembee peku. Neva zilizochoka huenda zisimwambie kwamba amekanyaga mwiba.

Swali. Mwanangu ana mwezi mmoja na nusu. Mlango ukibamizwa hutupa mikono pembeni, vidole vikatanuka, kisha huirudisha kifuani na kulia. Mama mkwe anasema ni degedege. (Mama, Mpwapwa)

Jibu. Mama mkwe ana haki ya kuwa na wasiwasi, lakini ulichokieleza ni mshtuko wa kawaida wa watoto wachanga, ambao daktari Ernst Moro aliueleza mwaka 1918. Huonekana kwa kelele au kichwa kinapolegea ghafla, na hutoweka mtoto akitimiza miezi 4 hadi 6. Degedege kwa kawaida haingoji kelele: viungo hutikisika kwa mapigo yanayojirudia, hayatulii hata ukivishika kwa upole, na macho huweza kugeuka. Ukiona hayo, au mtoto akitupa mkono mmoja tu huku mwingine umelala, au mshtuko ukiendelea baada ya miezi 6, mpeleke kituo cha afya. Huo mkono mmoja mara nyingi huashiria jeraha la neva za bega au kuvunjika kwa mtulinga wakati wa kuzaliwa, na hupona vizuri zaidi ukishughulikiwa mapema.