Mbwa wangu atafika kilo ngapi? Majibu ya wiki hii

Jamani, kila wiki nawaomba kitu kilekile: ukiuliza mbwa wako atakuwa mkubwa kiasi gani, andika umri wake na uzito wake wa leo. Zaidi ya nusu ya meseji zimekuja na picha tu, mbwa kalala kwenye sofa. Nimejibu za waliopima, na chache nyingine.

Maltese wangu ana wiki 12 na kilo 1.5. Atafika ngapi?

Asante kwa kupima. Hizi mbegu ndogo zikifika wiki 12 zinakuwa karibu nusu ya uzito wa ukubwani, kwa hiyo zidisha mara mbili unapata kama kilo 3, na Maltese wengi wanaangukia kati ya kilo 3 na 4, uko sawa. Ni makadirio lakini. Endelea kumpima kila wiki kwa mzani wa jikoni, muweke kwenye beseni, toa uzito wa beseni, andika kwenye daftari. Akimaliza wiki nzima bila kuongezeka hata kidogo mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Yorkie wangu ana nyayo kubwa, ndo dalili atakuwa jibwa?

Hapana. Angalia mama na baba yake, nyayo achana nazo.

Nimeuziwa Chihuahua "teacup", ana gramu 450. Muuzaji anasema ana wiki 10 na hatazidi kilo moja. Kweli?

Dada, nahisi umedanganywa umri. Kwanza hakuna mbegu inayoitwa teacup, ni jina la kupandishia bei tu. Chihuahua ni Chihuahua, kipimo cha FCI, shirikisho la kimataifa la vilabu vya mbwa, ni kilo 1.5 hadi 3.

Sasa mfunue mdomo. Wa wiki 8 anatakiwa awe na meno ya utoto yote 28, ukipitisha kidole kule nyuma unayahisi yanachoma kama sindano. Ukikuta fizi laini na vincha ndo vinachomoza, huyo ana wiki 5 hivi, ingawa hizi mbegu ndogo meno huchelewa kidogo kwa hiyo angalia na mwendo, kama bado anayumba na anatafuta kunyonya kidole chako basi jibu unalo. Na wa wiki 5 kuwa na gramu 450 ni kawaida kabisa, atakuja kufika kilo 2 au karibu yake. Yaani muuzaji kamtoa kwa mama mapema ili umwone mdogo ulipe zaidi, na hiki ndo kinaniuma, maana mtoto asiachane na mama kabla ya wiki 8. Mwaka jana jirani yangu aliletewa wa namna hiyo, alfajiri ya siku ya pili tukamkuta kalegea, ulimi baridi, fizi nyeupe, sukari imeshuka. Tulimpaka asali kwenye fizi kidogokidogo mpaka akaanza kulamba, tukakimbia naye kwa daktari. Wako mlishe mara 4 kwa siku na usiku asipigwe na baridi.

Nikimpunguzia chakula atabaki mdogo?

Hili nimelijibu mara nyingi na linanikasirisha. HAPANA. Udogo uko kwenye damu, tangu 2007 wanasayansi walishaonyesha jeni moja, IGF1, inachangia sana mbwa kuwa mdogo, na sahani yako haiigusi. Ukimnyima unamharibu mifupa na sukari inamshuka hovyo. Unataka mbwa wa kilo 2, tafuta wazazi wa kilo 2.

Anaacha kukua lini?

Hizi mbegu ndogo, miezi 8 mpaka 10, wachache 12. Baada ya hapo kinachoongezeka ni mafuta, acheni kuwapa chipsi.

Mama ni Japanese Spitz wa kilo 7, baba koko wa mtaani karuka ukuta. Watoto wana wiki 9.

Hapo subiri kaka. Koko mara nyingi anamzidi Spitz, na watoto wa tumbo moja mmoja anafuata mama mwingine baba. Hesabu ya wiki 12 itakudanganya kwa sababu wakubwa wanakua muda mrefu zaidi, bora upime wiki ya 16 ndo uzidishe mara mbili. Ila wana wiki 9 na hujataja chanjo hata moja! Ya parvo, kirusi cha kuharisha damu kinachoua watoto wa mbwa, inaanza wiki 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16, kwa hiyo kesho asubuhi wapeleke wote, na wasikanyage mtaani mpaka wamalize.