Majaribio yanajizungusha usiku kucha, nimwondoe mlinzi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu kwa Python, na mradi wetu una majaribio 340. Yote yakiendeshwa huchukua dakika nne na nusu. Nilikuwa na tabia ya kuyasahau, basi mwenzangu kazini akaniwekea mlinzi wa mafaili: kila nikihifadhi faili, majaribio yanaanza yenyewe kwenye dirisha la pembeni. Siku mbili za kwanza nilikuwa na raha sana. Sasa yanaanzishwa upya kabla hayajamaliza. Juzi niliondoka mezani, asubuhi nikakuta yamejizungusha usiku kucha bila mtu kugusa kibonye. Na jana nimerekebisha faili moja mara tatu, kimya. Nimwondoe? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Marahaba. Usimwondoe. Ulichoeleza ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Nitakaa zaidi kwenye lile la jana, la kimya, kwa sababu hayo mengine mawili yanakukera tu, ila hilo linakudanganya.

Kwanza ujue mlinzi anapataje habari. Zamani programu za namna hii zilikuwa zinazunguka faili kwa faili zikiuliza: umebadilika? umebadilika? Kwenye Linux, tangu kerneli (kiini cha mfumo huo) 2.6.13 ya mwaka 2005, kuna inotify: mlinzi anajiandikisha mara moja, kisha mfumo endeshi wenyewe unamwamsha faili likiandikwa, likifutwa au likibadilishwa jina. Mac ina FSEvents, Windows ina ReadDirectoryChangesW. Mlinzi mwenyewe hajui Python wala majaribio ni nini. Anaambiwa faili limeguswa, naye anaendesha amri uliyompa. Basi.

Sasa kimya. Mimi lilinipata hivi. Nilikuwa nahamishia mradi ndani ya kontena, yaani chumba kilichotengwa ndani ya kompyuta cha kuendeshea programu, msimbo ukiwa kwenye kompyuta yangu na majaribio yakiendeshwa kule ndani. Tangu saa tatu asubuhi nilikuwa naandika, jicho moja likiwa kwenye mstari wa kijani uliosema majaribio 112 yamepita. Ilipofika saa nane mchana nikashtuka: nimeshaandika majaribio mapya sita, mbona bado ni 112? Mstari ule ulikuwa wa asubuhi. Habari za mabadiliko hazikuwa zinavuka kuingia kwenye kontena. Mlinzi alikuwa hai, ila hakuna aliyekuwa anamwambia kitu. Nilipoyaendesha kwa mkono, tisa yakaanguka, na chanzo kilikuwa mstari mmoja niliouandika saa nne kasoro. Kazi yote iliyofuata nilikuwa nimeijenga juu ya mstari huo.

Kwa hiyo angalia kwanza mafaili yako yako wapi na majaribio yanaendeshwa wapi. Kama ni folda ya mtandaoni, mashine pepe, au Windows yenye WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) huku mradi umelala chini ya /mnt/c, yaani kwenye diski ya Windows, habari za inotify hazifiki. Hamishia mradi upande wa Linux, na kama haiwezekani, mwambie mlinzi arudie ule mtindo wa zamani wa kuuliza faili kwa faili. Unachosha prosesa, lakini haudanganyi.

Kama kila kitu kiko kwenye kompyuta moja, mtuhumiwa wa pili ni kihariri chako. Vihariri vingi haviandiki juu ya faili lilelile. Vinaandika jipya kando, kisha vinalipa jina la lile la zamani. Vim nayo hufanya hivyo, kutegemea ilivyopangwa. Wewe unaona jina lilelile, lakini inotify haifuati jina, inafuata faili lenyewe kwenye diski, na lile alilojiandikishia mlinzi halipo tena. Dalili yake ni kwamba mara ya kwanza unapohifadhi anaitika, ya pili anakuwa bubu. Mlinzi mzuri analijua hilo na huangalia folda badala ya faili moja moja.

Wa tatu ni faili jipya. Walinzi wengine hupewa orodha mwanzoni, na faili lililozaliwa baadaye halimo.

Wa nne ni idadi. Inotify haishuki yenyewe kwenye folda za ndani. Kila folda inaandikishwa peke yake, na kila mtumiaji ana kikomo. Kwenye kerneli za kabla ya 5.11 kikomo cha kawaida kilikuwa 8192, na mradi wenye node_modules, ile folda ya maktaba za JavaScript, unakimaliza bila shida. Ukifika hapo utapata kosa la ENOSPC, ambalo maelezo yake yanasema diski haina nafasi. Nimemwona mwenzangu akifuta mafaili yake saa nzima kwa sababu ya ujumbe huo, na diski ilikuwa nusu tupu. Mwangalie mlinzi wako anaangalia nini, umwondolee folda zisizomhusu, au uongeze kikomo chenyewe, fs.inotify.max_user_watches, kwa amri ya sysctl.

Tangu siku ile ya 112 nina mambo mawili siyaachi. Kila asubuhi, kabla sijaandika chochote, nafungua jaribio mojawapo, naweka assert False, mstari unaoliangusha jaribio kwa makusudi, nahifadhi, nasubiri nione nyekundu. Nikiiona naufuta mstari huo na kuendelea. La pili, kila mzunguko unaandika saa juu ya skrini. Amri yangu ni hii (pytest ndiyo inayoendesha majaribio ya Python):

while sleep 1; do find src tests -name '*.py' | entr -cd sh -c 'date; pytest -x --ff -m "not slow"'; done

Entr, mlinzi wangu, ni programu ndogo, na sijaona sababu ya kuiacha. Herufi c inafuta skrini kabla ya kila mzunguko. Herufi d inamfanya mlinzi atoke faili jipya likizaliwa, na ule mzunguko wa while unamrudisha kazini na orodha mpya. Saa iliyoko juu ikiwa ya nusu saa iliyopita na wewe umehifadhi sasa hivi, usiamini rangi yoyote iliyo chini yake.

Huo mzunguko wa usiku kucha ni rahisi. Majaribio yako yanaandika kitu ndani ya folda ileile inayolindwa. Mlinzi anasikia, anayaanzisha, nayo yanaandika tena. Folda za __pycache__ na .pytest_cache walinzi wengi wanazipuuza, kwa hiyo mara nyingi mkosaji ni faili la ripoti, la logi, au hifadhidata ndogo ya SQLite ambayo jaribio fulani linaiunda kando ya msimbo. Mzime mlinzi, endesha majaribio mara moja kwa mkono, halafu papo hapo andika find . -type f -mmin -5. Utaorodheshewa mafaili yaliyoguswa ndani ya dakika tano zilizopita, na kwa kuwa wewe hukuhifadhi kitu, mkosaji yumo. Mhamishie kwenye folda ya muda. Pytest inakupa tmp_path kwa kazi hiyohiyo. Na mlinzi aangalie mafaili ya .py tu.

Limebaki la kuanzishwa upya kabla ya kumaliza. Sehemu yake ndogo ni kwamba kihariri kinapohifadhi mara moja, mfumo unaweza kutoa taarifa tatu au nne, na mlinzi mwenye haraka anaitika kila moja. Mpe muda mfupi wa kusubiri, sehemu ya kumi ya sekunde inatosha, ili azikusanye ziwe moja.

Sehemu kubwa ni zile dakika nne na nusu. Hapo mlinzi hana kosa, dada. Mtu anayeandika huhifadhi kila baada ya nusu dakika, sasa majaribio ya dakika nne yatamaliza lini? Mwaka 2003 David Saff na Michael Ernst wa MIT waliandika kuhusu kuiachia kompyuta iendeshe majaribio wakati mtu anaandika, na walichokuwa wanakipima ni muda ambao kosa linakaa kabla hujalijua: kadiri linavyokaa ndivyo kulirekebisha kunavyochukua muda zaidi. Jibu likija baada ya dakika nne, akili yako imeshahama faili. Kwangu mimi, likizidi sekunde kumi nimeshaacha kulitazama.

Endesha pytest --durations=10 uone kumi yanayokula muda. Nilipofanya hivyo kwenye mradi mmoja nilikuta matatu yaliyokuwa yanalala kwa time.sleep yakisubiri seva iamke, na kuyatengeneza kulichukua alasiri moja. Yale mazito kwa haki, yanayogusa hifadhidata au mtandao, yatie alama ya slow, uiandikishe kwenye mipangilio ya pytest, na mlinzi ayaruke kama kwenye amri yangu. Ile --ff inatanguliza yaliyoanguka mara iliyopita, na -x inasimama kwenye la kwanza kuanguka, kwa hiyo ukiwa unatibu kosa moja jibu linakuja karibu papo hapo. Kuna pia pytest-testmon, inayokumbuka jaribio gani lilipita kwenye msimbo gani na kuendesha yanayohusika tu. Ijaribu ukishayapunguza uzito, si kabla.

Yale 340 yote bado yana zamu yake, kabla hujasukuma kazi kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Usimwachie mlinzi zamu hiyo.

SWALI: Mimi natumia Jest kuendesha majaribio ya JavaScript. Nikiandika jest --watch inakataa, inasema haiwezi bila Git au Mercurial. Majaribio na Git vinahusiana nini? (Mwanafunzi)

JIBU: Vinahusiana kwa sababu --watch haiendeshi kila kitu. Inaiuliza Git ni mafaili gani yamebadilika tangu ulipohifadhi kazi mara ya mwisho, kisha inafuata nani anaita nani, na kuchagua majaribio yanayoyagusa. Bila Git haina wa kumuuliza. Unaweza kutumia --watchAll, ambayo inaendesha yote kila mara, na kwa mradi mdogo inatosha. Lakini afadhali uandike git init na uweke kazi yako humo kwa git add na git commit, maana kabla ya hapo kila faili linahesabika kuwa limebadilika. Ukishamaliza, fungua tena jest --watch. Itakuambia haijapata jaribio la kuendesha. Usishtuke, hujabadilisha kitu bado. Bonyeza a kama unataka kuyaona yote yakipita.