Barua kwa mwanangu: Usimngoje steringi wa Washington

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo nyumbani. Mama yako anakusalimu sana, na amefurahi kusikia kwamba baridi ya huko umeanza kuizoea.

Uliniandikia hivi: "Baba, wewe huwaamini wanasiasa wa Marekani wala televisheni zao, lakini kila Ijumaa usiku unaangalia filamu zao mpaka mwisho. Huku wenzangu wananiambia nikitaka kuielewa siasa ya nchi hii nianze na filamu. Niwasikilize?" Swali lako nimekaa nalo, maana si dogo na sikutaka kulijibu kwa mkato.

Filamu zitazame, mama. Wamarekani ni mafundi wa kusimulia na hilo silibishi. Ila kuna swali moja usiende kulitafutia jibu kwenye filamu: mambo hubadilikaje? Hapo ndipo zinapopotosha, hata pale mwenye kuitengeneza alipokuwa na nia safi, kwa sababu hadithi tamu hutaka mtu mmoja wa kumfuata. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulilijua hilo tangu utotoni. Lufufu, yule mfasiri wa filamu, akitafsiri, banda zima linajua kwamba steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini mwishoni lazima ainuke. Kwenye sinema hiyo ni raha. Ukiipeleka imani hiyo kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni 330, unaanza kumngoja mtu na unasahau kuuliza kanuni zinasemaje.

Chukua filamu ambayo bila shaka wenzako wameitaja, "Mr. Smith Goes to Washington" ya Frank Capra, ya mwaka 1939. Kijana mnyofu, anayeigizwa na James Stewart, anateuliwa kuwa seneta, yaani mjumbe wa Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani. Anagundua wakubwa wa jimbo lake wanakula fedha kupitia mradi wa bwawa, nao wanamgeuzia kibao na kutaka afukuzwe. Anasimama ndani ya Seneti na kusema, kutwa na kucha, mpaka anaanguka. Seneta mkongwe aliyemsaliti anasutwa na dhamiri yake na kukiri kila kitu. Ni filamu nzuri, na mimi bado hunitoa machozi.

Sasa angalia silaha aliyotumia kijana yule. Kanuni za Seneti humruhusu mjumbe kuzuia muswada kwa kusema bila kikomo. Kwenye filamu ni silaha ya mnyonge. Kwenye historia, waliojulikana zaidi kwa kuitumia ni maseneta wa Kusini, nao waliitumia kuwanyima Weusi haki zao. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alisimama akasema kwa saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za kiraia. Mwaka 1964 wenzake waliukwamisha muswada mwingine, mkubwa zaidi, kwa zaidi ya miezi miwili. Wale nao walijiona mashujaa, na nyumbani kwao walishangiliwa.

Mkwamo ule wa 1964 haukuvunjwa na hotuba. Nje kulikuwa na miaka ya maandamano, watu waliopigwa na kufungwa, makanisa yaliyowabana wabunge wao. Ndani alikuwepo seneta Hubert Humphrey akihesabu kura moja moja, na akikaa na Everett Dirksen wa chama pinzani kurekebisha vifungu mpaka Dirksen akakubali kuwaleta watu wake. Zilitakiwa kura 67 kufunga mjadala. Tarehe 10 Juni zikapatikana 71. Mmoja wa waliopiga kura siku hiyo alikuwa Clair Engle, seneta wa California, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na hakuweza tena kusema. Aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu, na jina lake lilipoitwa alionyesha jicho lake kwa kidole, ishara iliyoeleweka kuwa ni ndiyo. Mwezi uliofuata akafariki. Nikikumbuka siasa za Marekani zilipokuwa na heshima, huyo ndiye ninayemkumbuka: mtu asiyeweza kutamka neno, aliyekuja kuhesabiwa.

Na kuna jambo jingine kuhusu filamu hiyo. Oktoba 1939 ilizinduliwa Washington, katika Constitution Hall, mbele ya maseneta wenyewe. Wengi walikasirika kwamba imewaonyesha kama wezi. Lakini ukumbi huohuo, miezi michache kabla, ulikuwa umemkatalia mwimbaji Marian Anderson kuimba kwa sababu ni Mweusi. Aliimba nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, Aprili 9, mbele ya watu wapatao 75,000. Ndani ya filamu kijana Smith anakwenda kwenye mnara huohuo, na kuna mzee Mweusi anaonekana kidogo tu, akivua kofia kwa heshima. Basi. Mwaka ule, mahali pale, nchi ilikuwa na hadithi iliyotokea kweli, na kamera ikaishia kwenye kofia ya mzee asiyetajwa jina. Unapotazama filamu zao, jiulize kila mara kamera imegeuka kutoka wapi.

Utaniambia hayo ni ya zamani. Njoo karibu. Unakumbuka Obama alivyoshinda Novemba 2008? Kenya walipewa siku ya mapumziko, na huku kwetu tulishangilia kama tumeshinda sisi. Tulimwona steringi ameinuka. Lakini ili sheria yake ya bima ya afya ipenye Seneti mkesha wa Krismasi 2009 zilihitajika kura 60 kumaliza mjadala (si 67 tena, kanuni ilishabadilishwa), na zilipatikana 60 kamili, hakuna hata moja ya akiba. Mwaka 2016 alimteua Merrick Garland kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mitch McConnell, kiongozi wa walio wengi Seneti, akakataa hata kuitisha kikao cha kumsikiliza, na nafasi ikabaki wazi mpaka rais mwingine alipoingia. Hakuna aliyevunja sheria. Na katika Seneti hiyo, jimbo la Wyoming, lenye watu wasiofika 600,000, yaani kama sehemu ya kumi ya Dar es Salaam, lina maseneta wawili sawa na California yenye watu karibu milioni 39. Mwaka huohuo wa 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 3 zaidi ya Trump na akashindwa, kwa kuwa anayetafutwa ni mwenye angalau 270 kati ya wajumbe 538 wa majimbo wanaomchagua rais. Ukiyajua hayo, mengi yanayokushangaza kwenye habari za huko yatapungua.

Kuhusu filamu za vita sitasema mengi. Jeshi la Marekani linapotoa ndege na manowari kwa ajili ya filamu, kama lilivyofanya kwa "Top Gun" mwaka 1986, kwanza hukagua hadithi, na lisipoipenda halitoi. Uzitazame ukilijua hilo.

Mimi ni mtu wa kutilia shaka, lakini sitaki uwe mtu wa kudharau. Anayesema "wote wezi" naye amekata tamaa ya kuhesabu. Ukitaka filamu moja ya siasa kutoka kwangu, tafuta "All the President's Men" ya 1976, ya waandishi wawili wa gazeti la Washington Post na kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon. Muda mwingi wanapiga simu zisizojibiwa na kugonga milango ya watu waoga. Kuna mahali wamekaa maktaba wakipekua vikaratasi vya kuazimia vitabu, kimoja baada ya kingine. Nayo ina upungufu, kwa sababu inawaachia waandishi karibu sifa yote. Nixon alijiuzulu Agosti 1974 baada ya Mahakama ya Juu, kwa kura 8 bila upinzani, kumwamuru atoe kanda alizorekodia mazungumzo yake, na kabla ya hapo kulikuwa na kamati za Bunge na majaji waliofanya kazi yao. Lakini angalau inaonyesha kazi.

Kisha fanya jambo moja ambalo si la filamu. Mikutano ya baraza la jiji hapo ulipo iko wazi kwa watu wote, hata wewe usiyekuwa na kura. Nenda siku moja ukae nyuma. Sikiliza wanavyobishana kuhusu mabasi, maji na kodi za nyumba, angalia nani anapewa nafasi ya kusema na kura zinahesabiwaje, halafu uniandikie.

Baba yako