Pima mlango wa buti kabla hujakata plaiwudi

Mkuu, weka msumeno chini. Unauliza gundi, rangi ya mikorosho na taa, kumbe unataka kukata ubao wa sentimita 244 wa reli ya mfano, stesheni ndogo ya Mtwara na gati juu yake, halafu uupakie basi pale Mkanaledi kwenda maonyesho Dar? Hautafika mzima.

Wetu ulikuwa mfupi kuliko huo, sentimita 180. Tulipima ndani ya buti, hesabu ikakubali. Mlango wa buti hatukuupima, wala unene wa kasha na sponji. Ulikuwa msimu wa korosho, buti limejaa mizigo. Konda akausimamisha wima katikati ya magunia, na tulipofika Mbagala tangi la maji limeng'oka na mikorosho imelala yote. Hayo yalitengenezeka. Kilichotumaliza ni kuukata katikati baadaye ili safari nyingine uingie. Msumeno ulipita kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika kwenda gatini. Pointi ikishakatwa haiungiki tena, kwa sababu zile ndimi za reli zinazosogea zinatakiwa zirudi mahali palepale kila unapofunga ubao, na kosa la nusu milimita linatosha kuangusha behewa. Tulilehemu, tukaongeza bolti, tukabadili mataruma. Treni ikaanguka palepale. Mwisho stesheni nzima iling'olewa, na reli zilizoagizwa nje kwa pesa ya kujibana zikaishia kwenye ndoo.

Na aliyetuingiza huko ni fundi mmoja wa mtandaoni aliyeshikilia kwamba ubao mmoja mrefu ni imara kuliko vipande viwili. Imara sebuleni kwake! Mtu hajawahi kubeba moduli, yaani kipande cha mfano cha kubebeka, hata kuvuka barabara, anagawa vipimo kwa watu wa Mtwara wenye safari ya mchana kutwa. Bado inaniuma.

Tena urefu huo haukupi kitu. Reli ya Mtwara–Nachingwea ilikuwa ya geji (nafasi kati ya reli mbili) ya mita moja, hivyo kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, geji yako ni milimita 12. Sentimita 244 ni kama mita 212 tu za kweli. Gati la zamani peke yake lina mita 385, karibu mita nne na nusu kwenye mfano. Kufupisha utafupisha tu, basi fupisha kwa kufuata mlango.

Tafuta uwazi mdogo kuliko wote njiani: buti, bajaji, mlango wa ukumbi. Toa unene wa kasha na sponji pande zote mbili. Kimo kihesabie kitu kirefu kuliko vyote juu ya ubao, si ubao wenyewe. Kinachobaki ndicho kipande chako. Gawa vipande kabla hujachora reli hata moja, na kila kiungio kiangukie kwenye reli iliyonyooka inayokata ukingo kwa pembe mraba, mbali na pointi. Ncha za reli zilehemu kwenye skrubu za shaba. Vipande viwili vya ukubwa mmoja unavifunga uso kwa uso, vibao vya pembeni vikivitenganisha, mandhari yanabaki ndani salama. Wenzetu wa T-TRAK, mtindo wa moduli za mezani, wenye treni za kipimo kidogo zaidi kiitwacho N, moduli yao ya msingi ina urefu wa milimita 308 tu, na inakaa juu ya meza yoyote.

Rangi ya mikorosho tutaongea. Nitajie kwanza upana wa mlango wa buti.